Fundi Ngoma Aliyezikwa Mara Nyingi

Yule karani sikuwahi kumwona, alikufa kabla sijazaliwa, lakini hakuna mtu niliyemtukana kimoyomoyo kama yeye. Aliandika kwa kalamu ya risasi butu. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, jambo ambalo peke yake si kosa, maana watu wengi wa mjini kwetu Kahama waliandika hivyo zamani, na mimi mwenyewe nilifundishwa herufi hizo chuo cha Kurani kabla sijapelekwa shule ya serikali. Kosa lake ni kwamba nukta zilimchosha. Akiwa na haraka haweki hata moja, akiwa na raha zake anazimwaga popote. Mstari ukifika ukingoni haendi ukurasa mwingine kama watu. Analigeuza daftari ubavu na kuandika juu ya yale aliyokwisha kuyaandika. Na kwa kuwa kazi yake ilikuwa kununua ngozi za ng'ombe, kila karatasi ilikuwa imenyonya mafuta mpaka ikawa kama kioo kichafu. Unasoma upande huu, maneno ya upande wa pili yanakuchungulia.

Hayo madaftari nilianza kuyasoma mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati ule ambao sabuni tulikata vipande kwa uzi na mafuta ya taa tuliyapata kwa kujuana. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nina mtoto wa kwanza, mchanga bado, na mtoto huyo hakuwa na jina.

Nieleze hilo la jina, maana ndilo lililoniponza.

Mtoto wangu alizaliwa analia. Najua watoto wote hulia, lakini huyu alilia kwa kukusudia. Mama mkwe wangu, mwanamke wa maneno machache na misimamo mingi, alisema mtoto anadai jina. Akampakata, akaanza kumtajia mababu mmoja mmoja, kwanza wa upande wa mume wangu, wote, mpaka wale ambao hata mume wangu hakuwajua. Mtoto analia tu. Akahamia upande wangu. Alipotaja jina la babu yangu mzaa mama, aliyekuwa fundi wa ngoma huko Masumbwe, mtoto akanyamaza, akapiga mwayo, akalala. Mimi nilifikiri amechoka. Mama mkwe akasema, "Basi, amekwisha kujitaja mwenyewe," na kwake mjadala ukaishia hapo.

Kwa mama yangu mzazi ndipo ulipoanza. Mama alikuwa anaishi nami tangu baba afariki, na wakati ule miguu ilikuwa imeanza kumvimba, anashinda kitandani au kwenye mkeka wa uani. Aliposikia jina lile alinyanyuka kama hana ugonjwa.

"Jina hilo halitaitwa ndani ya nyumba hii."

"Mama, ni jina la baba yako."

"Ndiyo maana. Baba yangu alikwenda Geita kwenye dhahabu, akatuacha mimi na mama yangu Masumbwe, hakurudi. Watu walimwona huko upande wa Mwanza na mwanamke. Utamwita mwanao jina la mtu aliyewakimbia watoto wake?"

"Labda alikufa."

"Basi nijulishe kwamba alikufa. Alikufa, nitamlilia, na jina mtampa. Alikimbia, mtafute jina lingine. Mimi nimechoka kukaa katikati, sijui nimlilie au nimlaani."

Mama mkwe naye hakubali jina lingine. Jina limeshanyamazisha mtoto, ukimpa jingine unamtafutia maradhi. Mume wangu, ambaye alikuwa na kipaji cha kukumbuka shughuli mjini kila wazee hao wawili walipokutana, akaniambia niyamalize mimi, kwa kuwa ndiye msomi. Kadi ya kliniki ikaandikwa "mtoto wa mwalimu". Siku ya akika ikapita. Na lililoniuma zaidi, nalisema bila haya, ni kwamba walimu wenzangu wadogo kwangu walikuwa wameshakuwa Mama Fulani na Mama Fulani, watoto wa shule wanawaita hivyo, wauza nyanya wanawaita hivyo, na mimi niliyezaa kwa uchungu wa siku nzima naitwa "mwalimu" kama siku niliyoajiriwa. Utaitwaje mama wa mtu asiye na jina?

Ndipo mama akanielekeza nivute sanduku la bati chini ya kitanda chake. Ndani yake mlikuwa na madaftari yaliyofungwa kwa ukanda wa ngozi, na chuma kimoja kizito chenye kutu, bapa upande mmoja.

"Vitu vya karani wa baba," alisema. "Alikuwa anamnunulia ngozi na kumuuzia ngoma. Walikwenda Geita pamoja. Karani alifia huko, sanduku likaletwa hapa Kahama kwa watu wake. Nilipoolewa mjini, mwanamke mmoja akanipa, akasema halina mwenyewe."

"Na miaka yote hii hukumpa mtu asome?"

"Nilijua ni hesabu za ngozi." Akageukia ukutani. "Na kama si hesabu, sikutaka mtu wa barabarani ajue kabla yangu."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Nikirudi shuleni, namfunga mtoto mgongoni, nakaa kwenye kizingiti penye mwanga, naweka daftari juu ya kinu kilichopinduliwa na kukandamiza ukurasa kwa kile chuma ili usijikunje. Fundi saa wa sokoni aliniazima kile kioo chake cha kubana jichoni. Nilikuwa nakibana kwa jicho la kulia mpaka uso mzima unauma, na mtoto akipiga teke kinadondoka, kinabingirika hadi kwa kuku.

Kurasa za mwanzo zilinipa moyo. Zilikuwa kweli hesabu za ngozi na ngoma, na katikati ya hesabu nilimwona babu kidogo kidogo. Nilisoma kwamba alitaka mti wa mninga tu, na usiwe umeangushwa na upepo. Nilisoma karani akilalamika: "Fundi kairudisha ngozi niliyoitembelea mbali, anasema kaichuna mtu mwenye kisu kibaya." Mahali pengine: "Fundi hataki ngozi ya ng'ombe aliyejifia, anasema haisemi, inanong'ona." Nilisoma kwamba akishawamba ngoma mbichi analala nje kando yake, fisi wasije wakaila ngozi. Nilianza kumpenda huyo mzee mgumu. Nikachukua karatasi safi, nikapiga mistari kwa rula kama ninavyowafundisha watoto, nikaandika juu: Maisha ya Babu.

Halafu karani akaniharibia kazi yote kwa mstari mmoja. "Leo fundi kafa. Kafa kwa ulafi, kala mguu wa mbuzi peke yake. Tumemtupa."

Nilikuwa tayari nimeinuka kumwita mama. Lakini mimi ni mwalimu, nilijiambia nithibitishe kwanza, nikafunua ukurasa wa pili. "Fundi kawamba ngoma kubwa moja, ndogo mbili." Nikarudi nyuma, nikadhani nimeruka kurasa. Sikuwa nimeruka. Nikadhani kuna mafundi wawili. Nikaandika kwenye karatasi yangu: fundi wa kwanza, fundi wa pili. Baada ya kurasa chache fundi akafa tena, safari hii kazama mtoni kwa sababu hajawahi kuoga na maji yamemkataa. Ukurasa uliofuata anauza ngoma kwa wachezaji wa Ushirombo. Nikaongeza fundi wa tatu.

Kabla ya mwisho wa muhula karatasi yangu ya Maisha ya Babu ilikuwa kichekesho. Kwa mujibu wa maandishi, babu yangu aliiba ng'ombe wa chifu, akafungwa, akafa, akauza ngoma, akafukuzwa na nyuki kwa uvundo, akafa, akawamba ngoma ya harusi, akakimbia deni la pombe, akafa. Mimi nikaamua kwamba karani huyu alikuwa mlevi na mtu wa chuki. Nilimwona kabisa akilini: mfanyabiashara mwenye kinyongo, anamnyonya fundi mchana, na jioni anamchafua kwa kalamu. Watu wengi waliosoma kwa herufi zile niliwaheshimu, wakiwemo wazee wa baba yangu. Huyu nilimwona ni aibu kwao.

Mama alikuwa akiniuliza kila jioni, "Umefika wapi?"

"Bado, mama. Mwandiko mbaya."

Ningemwambia nini? Kwamba baba yake ni mwizi aliyezama mtoni akila mbuzi? Mwanamke ana miguu iliyovimba, anasubiri neno moja tu, amekufa au amekimbia, na mimi nimsomee matusi ya mlevi? Nilimficha, na kumficha mtu mwenye masikio kama ya mama ni kazi ya pili juu ya ile ya kusoma. Nikiguna tu, anauliza nimeona nini.

Kisha nikafika kwenye daftari la Geita. Walikuwa wamehamia kwenye machimbo, enzi hizo za Mwingereza, kwa kuwa wachimbaji walitoka kila upande, kila kabila na ngoma yake, na wote walitaka ngoma za kuchezea siku za mapumziko. Kazi ilikuwa nyingi. Na hapo nikasoma, wazi kabisa, hata nukta alikumbuka kuweka: "Fundi kaoa kwa Wazinza. Kapata watoto saba, wote wana masikio yake, sokoni watu wanawakimbia."

Nilifunga daftari. Ndiyo hiyo basi. Alikimbia. Mama alikuwa sahihi maisha yake yote, na mwanangu amenyamazia jina la mtu mbaya.

Lakini watoto saba ni watu, na watu wanaonekana. Nikajiambia siwezi kumpelekea mama habari ya namna hiyo kwa ushahidi wa mlevi. Shule zilipofungwa nikamuaga mama kwamba nakwenda kumwona rafiki yangu, nikapanda lori la pamba na mtoto mgongoni. Safari ile sitaki kuisimulia yote. Mvua ilitukuta njiani, tulikesha ndani ya lori, mtoto alinitapikia mimi na mfuko wa unga wa jirani yangu, na jirani yangu hakuwa mtu wa kusamehe. Nilifika kwenye vijiji vya wachimbaji wadogo nikiwa nanuka maziwa machachu, nikaanza kuuliza mlango kwa mlango kama karani wa sensa.

"Samahani, mnawajua watoto wa fundi ngoma? Wako saba. Watu wazima sasa."

"Wana alama gani?"

Hapo ningesema nini? Nilisema, na hata leo nikikumbuka nafumba macho, "Masikio."

Walinicheka. Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza uji kwa wachimbaji alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo. "Mwalimu wee, hapa watu saba wa baba mmoja! Hapa mtu akikaa miezi saba tunamwita mwenyeji." Alinipa uji, akamshika mtoto ili nile, akaniuliza mtoto anaitwa nani. Nilipomwambia bado, aliacha kucheka, akaniangalia kwa huruma, akadhani nimeachika. Mzee mmoja wa hapo alisema zamani ngoma zilikuwepo, nzuri, zikisikika mpaka ng'ambo ya kilima, lakini fundi hamkumbuki, na kwa nini nauliza habari za masikio. Nilirudi Kahama na kikohozi.

Mama alikuwa ameketi uani kwenye mkeka. Aliangalia viatu vyangu, tope lile jekundu, akajua sikutoka kwa rafiki.

"Umekwenda Geita."

"Ndiyo."

"Umemkuta?"

Sijui niseme nini kilinipata. Nilikuwa nimechoka, kifua kinauma, mtoto analia, mama mkwe kaacha ujumbe kwamba atakuja Ijumaa kuuliza habari ya jina. Niliingia ndani, nikalitoa sanduku lote, nikalibwaga mbele yake mpaka chuma kile kikaruka na kugonga ukuta.

"Sikumkuta! Hakuna wa kukutwa! Huyu karani wenu ni mwendawazimu, mama. Miezi yote hii napofua macho yangu kwa matusi. Unataka kujua kaandika nini? Haya, sikiliza." Nikafungua popote, nikasoma kwa sauti kama nasomea darasa zima. "'Leo fundi kafa. Kafa kwa ulafi, kala mguu wa mbuzi peke yake. Tumemtupa.'"

Nilisubiri alie. Mama alitoa sauti ndogo puani. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nami nikajuta, nikapiga magoti nimshike. Alikuwa anacheka.

"Mayu wee!" alisema akijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Mguu wa mbuzi! Huyo Mzaramo huyo!"

"Mzaramo gani?"

"Karani. Si mtani wake huyo? Wasumbwa na Wazaramo, tangu enzi za misafara wanazikana wazima. Alikuwa akifika kwetu anasimama nje anamlilia baba, 'Ole wenu, kichwa kikubwa kimekufa!' na baba yumo ndani anachonga ngoma. Mama yangu anamfukuza kwa mwiko. Halafu wanakula sahani moja."

Niliketi chini. Utani naujua, nimezaliwa ndani yake; msibani kwa baba yangu wapo waliomvika mbuzi kofia yake. Lakini utani ni wa mdomo. Ni nani aliyewahi kumwona mtu anatania kwenye daftari la hesabu, peke yake, mtaniwa hayupo, wa kucheka hayupo? Maandishi nilifundishwa kuyaamini, na ndivyo ninavyofundisha. Hasira zilinipanda upya.

"Kwa nini hukuniambia kwamba karani ni mtani?"

"Hukuniuliza. Kila siku ulisema mwandiko mbaya." Akavuta mkeka akakaa vizuri. "Soma mengine."

Nikamsomea mengine. Nikamsomea ng'ombe wa chifu, nyuki, mto uliomkataa. Nikamsomea watoto saba wa masikio, na hapo akacheka mpaka akaomba maji, akasema kweli baba alikuwa na masikio, na mimi nikaanza kucheka pia, nikamweleza yule mama wa uji aliyeketi juu ya ndoo. Sikuwa nimemsikia mama akicheka hivyo tangu msiba wa baba. Mtoto alinyamaza kutushangaa. Nilijiambia hata kama hatutajua lolote, jioni hii inatosha, na nikaanza kumsamehe karani kidogo.

"Tumefika wapi?" aliuliza mama.

"Karibu mwisho. Hapa anasema fundi anajifanya mgonjwa wa kifua apewe uji bure." Nikafunua. "Hapa amemwambia akifa asimsumbue, ana ngozi za kuhesabu." Mama alitabasamu. Nikaendelea, nimeshazoea, nasoma haraka. "'Nimelala kaburini kwa Msumbwa. Nimewaambia sitoki, atafute pengine pa kulala. Wachimbaji wamekasirika, hawajui mambo yetu. Wamenibembeleza. Wamenipa tezo yake, nimetoka.'"

Nikainua macho kumtazama akicheka.

Mama hakuwa anacheka. Alikuwa ameweka mkono kifuani.

"Rudia."

Nikarudia, polepole.

"Mtani hawezi kuingia kaburini bila maiti," alisema. "Atalia msibani, atavaa nguo za marehemu, atadai mbuzi, lakini kaburini analala siku ya kuzika, maiti iko pembeni, na hatoki mpaka apewe kitu. Hilo halifanywi kwa mtu mzima wa afya. Hata Mzaramo hafanyi." Akanyoosha mkono kuelekea ukutani. "Nipe hicho chuma."

Nilimpa. Alikipakata, akakisugua kutu kwa kidole gumba, akakigeuza upande ule bapa. Ulikuwa ni ubapa wa tezo, lile shoka dogo la kuchongea mti kwa ndani, mpini wake ukiwa umeliwa na mchwa zamani. Miezi yote nimekandamizia karatasi.

"Hii alikuwa hamwachii mtu aishike," alisema mama. "Mimi nilichapwa kwa sababu ya hii."

Ule ukurasa wa tezo nilikuwa nimeshausoma kabla ya kwenda Geita, nilipopekua haraka nikiwatafuta wale watoto saba. Niliupita. Kwenye karatasi yangu ya mistari nimeandika: mlevi amelala makaburini. Hiyo ndiyo elimu yangu.

"Malizia," alisema mama. "Naona karatasi moja bado ina maandishi."

Ilikuwa na mistari miwili tu, na hakuna alichoandika juu yake wala ubavuni. Nilisoma: "Nimepeleka habari kwa mkewe kwa lori. Nimejibiwa tumle nyama." Baada ya hapo daftari lilikuwa jeupe mpaka jalada.

Nilidhani mama hakusikia. Alikuwa anaangalia mlango wa uani ambao haukuwa na mtu. Kisha akaanza kusema, si kwangu hasa.

Alisema alikuwa mtoto, wanatwanga karanga yeye na mama yake kando ya barabara ya Masumbwe. Lori likasimama. Utingo akateremka, akawaamkia, akasema mtani wenu kanituma niwaambie fundi amekufa. Bibi yangu akacheka. Si ndiyo kawaida yake? Mwezi uliotangulia alituma habari kwamba fundi kamezwa na chatu. Utingo akasimama kidogo, akasema, "Mama, ndivyo nilivyoagizwa," naye alikuwa mtu wa kuja, hakujua ni utani au si utani. Dereva akapiga honi, utingo akarukia nyuma, lori likaondoka bila jibu. Na jibu la mtani huwezi kuliacha, ni aibu, atakucheka mwaka mzima.

"Mama akaniambia, kimbia, waambie wamle nyama," alisema mama. "Nikakimbia. Nilikuwa na mbio mimi. Nikakimbia nyuma ya lori kwenye vumbi, nikapiga kelele, 'Mleni nyama! Mleni nyamaaa!' mpaka utingo akanipungia mkono kwamba amesikia. Nikarudi nacheka. Mama akanipa karanga."

Alikigeuza kile chuma mapajani.

"Mwenzake amemzika leo, anatuma habari, anajibiwa hivyo. Na yeye aseme nini tena? Angesema mara ngapi ndipo tumwamini? Halafu mimi nikakaa namngoja baba. Nikamngoja, nikamngoja, nikaanza kumchukia."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, kilio cha msiba, cha maiti iliyo ndani, majirani wakaingia mbio wakiuliza nani amefariki, nami sikujua niwajibu vipi kwamba ni mtu aliyefariki kabla sijazaliwa. Nilisema, "Baba yake mama." Wakaangaliana. Lakini Kahama ni Kahama. Mmoja akakunja khanga akaketi, mwingine akaenda kuwasha moto, na kabla jua halijazama uani palikuwa pamejaa. Mama mkwe alikuja bila kusubiri Ijumaa. Aliingia, akamkumbatia mama, hakutaja jina wala mtoto, na kwa hilo nitamheshimu daima.

Kinyozi wa stendi, Mzaramo, aliletwa na watu kwa kuwa msiba wa Msumbwa bila mtani si msiba. Alikuja na tambo zake, akamzuia mama kulia mpaka kwanza amlipe, akasema marehemu alikuwa na kichwa kikubwa mpaka kaburi lilipanuliwa. Watu walicheka, na mama alicheka kwenye machozi. Kisha kinyozi akamwona mtoto, akaanza, "Na hiki nacho kesho kitakufa, ki…"

"Wewe," mama alisema. "Tania lolote. Tukana masikio, tukana ukoo wote. Kufa usinitanie. Siku ukija na habari ya kifo mlangoni kwangu, vua kofia kwanza, kaa chini, ndipo useme."

Kinyozi alivua kofia papo hapo. Na mpaka alipohama mji ule, kila alipopita kwetu kwa jambo lolote, alisimama mbali na kusema, "Nimevaa kofia, wote wazima."

Karani wetu, kwa taarifa yenu, hakuandika kaburi liko wapi. Nimefunua kila ukurasa, nimeugeuza kwenye mwanga, nimesoma ubavuni na chini ya mafuta. Ameandika kipimo cha ngozi ya ndama, ameandika tusi la nyuki mara mbili, mahali alipomzika rafiki yake hakuandika. Mpaka leo hilo linanikera.

Asubuhi ya tatu, matanga yalipoanuliwa, nilikuwa naosha masufuria uani. Mama alitoka mlangoni kwa kujikongoja, mtoto begani. Akaniita. Akasema "Mama," na hapohapo akaunganisha jina la baba yake, jina ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Niliitika. Akaniita tena, kwa nguvu zaidi, akaniita na mara nyingine, nami nipo pale pale mbele yake na sufuria mkononi, na yeye anapaza sauti kama mtu anayeliita lori lisimame.